Mikono Nyuma

Numbi, mama yangu,

Usiifungue barua hii kabla treni haijafika Tenke. Najua utaifungua gari likianza tu kutikisika, lakini mimi nimesema, na tata yako akisema amesema, hata kama humu nyumbani hakuna anayemsikiliza.

Ni Jumapili mchana. Wewe umeenda kuaga kwa shangazi yako, na mkishaanza kucheka huko najua utarudi jua likizama. Mama yako yuko jikoni anakufungia samaki wa kapenta na unga wa kusongea kana kwamba huko Lubumbashi hawajawahi kuona bukari. Amenikataza nisikuandikie habari za chakula, wala za chandarua, wala za vijana wa mjini, maana hayo yote amekwisha kuyasema yeye, tena kwa sauti ya kufika Dilolo. Kwa hiyo kilichobaki kwangu ni mguu wako. Cheka tu. Kila mzazi ana kitu chake cha kuchosha watu nacho, na changu ndicho hicho.

Wala usikishangae Kiswahili hiki. Nikishika kalamu, kinachotoka ni kile cha shule ya mapadri kule kwetu kaskazini. Lakini mkianza kuongea ninyi humu ndani ya barua, nitawaandika kama mnavyoongea.

Nianze na jambo linalonichoma. Tangu wiki iliyopita sijaingia chumbani kwako asubuhi kukunyosha goti. Wewe unadhani nimenuna. Unadhani ni kwa sababu nilikataa usiende kusomea ualimu, nikashindwa, sasa nakulipizia kwa kuuacha mguu wako. Nimekuona ukinitazama mezani. Sijanuna, Numbi. Kilichonipata ni kingine kabisa, na nikitaka ukielewe lazima nirudi nyuma, mpaka mwaka ule wa kolera.

Miaka kadhaa kabla ya kolera, ulikuwa hujatimiza miaka miwili homa ilipokushika. Ulikuwa umeanza kutembea, unashika ukuta, unashika nguo ya mama yako. Homa ikaja, ikaondoka, na ikaondoka na nguvu za mguu wa kushoto. Polio. Mimi nilikuwa tayari nafanya kazi ya kine, yaani tiba ya viungo, pale hospitalini, kazi ambayo hapa Kolwezi wanaiita masaji, na mimi wananiita Tata Masaji. Nilipoteza miaka mingi nikiwasahihisha. Niliwaambia, masaji ni kusugua mafuta, mimi ninarudisha watu kwenye miguu yao. Wakasema, ndiyo, Tata Masaji.

Basi nikakuchukua wewe kama kazi ya maisha yangu. Kila asubuhi kabla ya kwenda hospitali nilipasha viganja juu ya makaa ya mbabula ya mama yako, nikakulaza mkekani, nikakunyosha goti, nikakisukuma kisigino polepole mpaka mshipa wa nyuma uachie. Goti la polio ukiliacha linajikunja na kukaa hivyo hivyo, na likishakaa halirudi. Nililiogopa goti lako kuliko nilivyoogopa askari. Kisha nikakufunga chuma chako cha mguuni, mkanda kwa mkanda, nikakupandisha kwenye kinga, baiskeli yangu, nikakupeleka shuleni, nikakuteremsha mlangoni pa darasa. Mkanda hata mmoja hukuwahi kuufunga mwenyewe. Jirani zetu walisema hawajaona baba wa namna hiyo, na mimi nilipenda kusikia.

Kazini nilikuwa vilevile. Unakikumbuka chumba chetu cha zamani: vyuma viwili virefu vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, kioo kikubwa, mikeka, vifuko vya mchanga vya kuning'iniza mguuni, na ile baiskeli isiyokwenda popote ambayo watoto wote walitaka kuipanda. Asubuhi walikuja wachimbaji wenye vumbi kifuani, nawapiga mgongoni kwa viganja mpaka wateme. Walikuja wenye migongo, wenye mabega, wazee waliopooza upande mmoja. Mkeka mmoja ulilaliwa na wote, kitambaa kimoja kilipita kwa wote, na salamu ilikuwa ya kushikana mikono muda mrefu, na habari za nyumbani zote tunamaliza hapo hapo. Mimi nilikuwa mtu wa kushika. Mgonjwa akisimama, mkono wangu mmoja uko kiunoni, mwingine chini ya kwapa. Nilijisifu kwamba kwangu hakuna aliyewahi kuanguka. Nilikuwa nawaambia hivyo hata wagonjwa wapya, kama mtu anayetangaza duka lake.

Mmoja wao alikuwa Tata Kapenda, dereva wa lori kubwa kule kwenye mgodi wa Mashamba. Siku ya mvua aliteleza kwenye ngazi ya lori lake, akavunjika paja. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwoga wa sakafu. Kila siku nilimtembeza kati ya vile vyuma viwili, huku na huku, nimemkumbatia kama bibi harusi. Alikuwa anaendelea vizuri sana, au mimi nilidhani hivyo.

Halafu kolera ikaja. Redioni walikuwa wamekwisha kusema kwamba ugonjwa huo unazunguka dunia, nchi baada ya nchi, lakini unajua sisi na redio. Tuliamini siku watu walipoanza kuletwa hospitalini kwenye mikokoteni, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Wodi zikajaa. Wakatafuta chumba kikubwa chenye mlango wa nje na sakafu ya saruji ya kumwagia maji, na chumba hicho kilikuwa changu.

Nilikuta wanatoa mikeka yangu nje na kuichoma. Baiskeli ikasukumwa uani. Wakaleta vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, wakavipanga hata mbele ya kioo. Vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea wakavifunga kamba wakaning'iniza chupa za maji ya seramu, moja hapa, moja pale, kwa urefu wote. Nilisimama mlangoni nikiwa na hasira kweli. Nilitaka kuuliza nani aliyewaruhusu. Halafu mtu mmoja akapiga kelele ya maumivu, nikaenda.

Jambo hili watu hawalijui. Kolera inamkausha mtu mpaka misuli inajikunja yenyewe. Shavu la mguu linakuwa gumu kama jiwe, na mwenyewe analia kama mtoto. Madaktari walikuwa na sindano za kuchoma na maji ya kutundika, muda wa mashavu ya miguu ya watu hawakuwa nao. Kazi hiyo ikawa yangu. Nilivuta vidole vya miguu kuelekea juu, nikashikilia, nikasugua, nikaenda kitanda kingine. Glovu zilikuwa chache, tulinawa kwa maji ya klori mpaka ngozi ya vidole ikaanza kutoka. Kusema kweli sikuwahi kushika watu wengi namna ile maishani. Wengine walipona wakaondoka bila kunijua jina. Wengine niliwashika mpaka mwisho, na hao siwezi kukuandikia zaidi ya hapa.

Sisi tuliokuwa mle ndani hatukuruhusiwa kurudi nyumbani. Tulilala hospitalini. Na wagonjwa wangu wa kila siku, wenye mapaja na migongo, waliambiwa wabaki makwao mpaka ugonjwa upite. Ulikuwa uamuzi mzuri, sina neno. Lakini paja lililovunjika halisubiri kolera ipite. Wala goti la polio.

Siku chache baadaye Tata Kapenda akatokea upande wa pili wa waya wa lupango, ule uzio wa hospitali, kwenye magongo yake, mkewe nyuma. Akaita kwa sauti:

“Tata Masaji. Unatuachia nani?”

Nikaenda mbio mpaka kwenye waya, mkono umekwisha nyoshwa kumsalimu. Muuguzi mkuu wetu alikuwa mwanamke wa Dilolo, mfupi, asiyecheka na mtu. Alinikuta hapo, akaniita “raia” kwa Kifaransa, kama serikali ilivyotaka.

“Sitwayen. Mikono nyuma.”

“Ni mgonjwa wangu.”

“Njo kwa sababu ya ile. Mikono yako inatoka kwa kolera. Mikono nyuma. Tumia mudomo tu, paka mudomo.”

Nikaiweka mikono nyuma ya mgongo, kidole kimeshika kidole, kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Na hapo, Numbi, ndipo nilipogundua kwamba sina mdomo. Miaka yote ile mikono ilikuwa ikijua, mimi sikujua. Nilimwambia mke wa Kapenda, “Mshike pale.” Akashika goti. “Si hapo. Pale.” Akashika paja. “Pale, mama, pale.” Akaniangalia.

“Tata Masaji, muguu iko na ‘pale’ mingi. Sema ni wapi.”

Waliokuwa wakipita barabarani wakacheka. Mimi nilirudi ndani nimekasirika, nikakaa juu ya ile baiskeli uani, nikaanza kujisemea kwa sauti kile mikono inachofanya. Weka kiganja juu ya goti. Usisukume. Ngoja pumzi itoke. Pumzi ikitoka, teremsha. Ikiingia, simama hapo hapo. Wenzangu walidhani nimeanza kuchanganyikiwa kwa uchovu.

Ikawa desturi. Saa za jioni, zamu ikipungua, nilisimama kwenye waya, na wagonjwa wangu walikuja upande wa pili wa barabara, kila mmoja mbali na mwenzake, kila mmoja na mkeka wake, kitambaa chake, kifuko chake cha mchanga alichojishonea kwao. Wenye vifua walikaa peke yao upande ambako upepo unaelekea, wake zao wanawapiga mgongoni, mimi nahesabu kwa sauti. Wenye migongo walilala chini nikawaelekeza. Wapita njia walidhani ni dini mpya. Muuguzi mkuu alipita mara kwa mara kuangalia kama mikono yangu iko nyuma. Ilikuwa nyuma, lakini ilikuwa inawasha.

Tata Kapenda ndiye aliyekuwa akinisumbua. Kwenye magongo alikuja, lakini kuyaacha hata kwa hatua moja alikataa. Nilimwambia, “Lakini ulikuwa unatembea vizuri kule ndani.” Akanijibu bila ubaya wowote:

“Ni weye ulikuwa unatembea, Tata. Mi nilikuwa nakufuata.”

Sikulala vizuri kwa neno hilo.

Sasa ndiyo unaingia wewe. Tangu nianze kulala hospitalini nilikuwa nimemwachia mama yako kazi ya goti lako, kwa ujumbe tu, kupitia mtu. Mama yako alikuwa na soko, alikuwa na wadogo zako, na alikuwa na woga: ukilia, anaachia. Nilijua. Nilihesabu asubuhi ambazo sikukushika, nikaona goti linajikunja kichwani mwangu. Katikati ya kusugua miguu ya watu nilikuwa nawaza mguu wako tu. Nilijiambia, nitatoka humu nimeokoa watoto wa watu, wangu nimkute amekwisha pinda. Siku moja nikatuma neno kwamba akulete kwenye waya.

Mlikuja. Ulikuwa darasa la kwanza, na shule zilikuwa zimefungwa. Mama yako alitandika chini kikwembe alichojifunga kiunoni, akakukalisha, nikaanza kuelekeza. Mama yako alisukuma kidogo, ukakunja uso, akaachia. Nikasema, “Usiachie.” Akasukuma, ukalia, akaachia. Nikapaza sauti. Nilimpazia sauti mama yako mbele ya barabara nzima, jambo ambalo mpaka leo ananikumbusha kila tunapogombana, na ana haki. Akasimama, akajifuta mikono.

“Basi kuya huku ufanye weye.”

Nisingeweza, na alijua kwamba nisingeweza. Tukabaki tunatazamana, yeye upande wake, mimi wangu. Hakuna kati yetu aliyekuwa anakuangalia wewe.

Tata Kapenda ndiye aliyesema, “Muangalie mutoto.”

Ulikuwa umekivuta kile kikwembe kutoka chini yako. Ulikuwa umekikunja kirefu, umekipitisha chini ya unyayo wa kushoto, umeshika ncha zote mbili, unajivuta mwenyewe. Mguu umenyooka. Kisigino kinakuja polepole. Ukavuta, ukapumua, ukashikilia, ukaachia kidogo, ukavuta tena. Uso wako ulikuwa umekunjamana, lakini machozi hayakuwepo. Goti lilikuwa chini kabisa, Numbi, limegusa mchanga. Halikuwa limepinda hata kidogo.

Nikauliza, “Nani alikufundisha?”

“Hakuna.”

“Tangu lini unafanya hivyo?”

Ukainua mabega. Kisha ukasema, bila hata kunitazama, kwa sababu ulikuwa na kazi:

“Muguu ni yangu.”

Ukachukua chuma, ukafunga mikanda mwenyewe. Wa juu uliukosea tundu, niliona, nikafungua mdomo, nikaufunga. Ukasimama. Ukaanza kutembea kando ya waya, mkono mmoja kwenye waya, halafu ukauacha waya. Hatua zako zilikuwa za ajabu, za kwako, si zile nilizokufundisha. Kisha ukaanguka.

Mikono yangu haikuniuliza. Ilitoka nyuma ya mgongo ikapita kati ya waya, nikachanika hapa kwenye mkono, alama unayoijua, ile ambayo siku zote nimekuwa nikisema ni ya msumari. Mama yako naye alikuwa amekwisha kuinama kukuokota. Wewe, ukiwa chini, uso umejaa vumbi jekundu, ulitunyooshea kiganja sote wawili, kama askari wa barabarani.

“Muniache.”

Ukajigeuza tumbo chini. Ukaweka viganja chini, ukainua makalio juu, mguu wa chuma umeutupa kando, ukatembeza viganja kurudi nyuma, ukaweka kiganja kimoja juu ya goti lako zima, ukasukuma, ukasimama. Ukajipangusa. Hukutazama kama tunakupigia makofi.

Tata Kapenda alitazama yote hayo akiwa amening'inia kwenye magongo yake. Kesho yake alikuja, akamwambia mkewe asogee, akajilaza chini kwa hiari, yule mtu mnene mwoga wa sakafu, akageuka tumbo chini, makalio juu. Barabara nzima ilicheka, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote, na akashindwa. Akarudia siku nyingine. Siku alipofaulu kusimama kutoka chini bila mtu, aliyatupa magongo upande wa waya wangu, nikalazimika kuyarudisha kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa nyuma. Alikuwa haogopi tena kuanguka, maana alikwisha jua njia ya kurudi juu. Baadaye alirudi Mashamba kwenye lori lake.

Kolera ilipopita wakanirudishia chumba. Kilinuka klori kwa muda mrefu, na vyuma vyangu vilikuwa na alama za kamba. Sikuweka tena mkeka mmoja wa watu wote. Kila mgonjwa akaja na kitambaa chake, na mtu wa kwao wa kujifunza naye. Tulinawa kabla na baada. Kazi nyingi nilizihamishia uani. Na somo la kwanza likawa kuanguka: namna ya kwenda chini, namna ya kurudi juu. Wenzangu wa miji mingine walipokuja kututembelea walishangaa kuona nasimama mbali na mgonjwa, mikono nyuma, naongea tu. Kabla ya kumgusa mtu nilimwuliza, “Nikushike?” Wengine walisema ndiyo. Wengi, ungeshangaa, walisema ngoja kwanza.

Sasa sikiliza ujinga wa tata yako. Yote hayo niliyafanya hospitalini. Nyumbani, asubuhi ya kwanza niliyoamkia kitandani kwangu, nilipasha viganja juu ya mbabula, nikaja nikakulaza mkekani, nikakunyosha goti kama zamani. Sikukuuliza “Nikushike?” hata siku moja. Kilichompata mgonjwa wangu kilinifundisha, kilichompata mtoto wangu nilikiona kwa macho mawili nikakisahau kabla ya uji kupoa. Miaka yote hii, mpaka umekuwa mwanamke, mpaka umemaliza sekondari. Mikanda ulianza kufunga mwenyewe, hilo nilikuachia, nikajiona baba wa kisasa. Goti nililibakiza kuwa langu.

Ndiyo maana ulipoleta habari ya Lubumbashi nilikataa. Nilikwisha kukutafutia kiti pale hospitalini, kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa. Nilisema huko kuna ngazi, kuna matope, na nani atakunyosha asubuhi? Ulinitazama, ukachukua fimbo yako, ukatoka. Kutoka kwako kulinitia hasira kuliko maneno. Nikamgeukia mama yako nikasema, huyu mtoto hajui anachokwenda kukipoteza, miezi michache goti lile litakuwa limekwisha.

Mama yako alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuinua kichwa.

“Weye unafikiri ni weye unanyooshaka ile muguu?”

“Sasa ni nani?”

“Mutoto anaamukaka wa kwanza, mbele ya shiye bote mu nyumba. Anachukua kikwembe, anafanya mazoezi yake yote, anamaliza, anarudi kulala. Njo weye unaingia na mikono yako ya moto. Anakuachia tu.”

“Tangu lini?”

“Tangu kolera.”

Nikakaa chini. Nikamwuliza kwa nini hukuniambia. Hapo ndipo aliinua kichwa, akanitazama kwa huruma ambayo sijaizoea kwake.

“Juu unapendaka.”

Eti kwa sababu napenda. Nilikasirika kwanza, nisikufiche. Niliona mmenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu. Kisha nikatoka nje nikajifanya natengeneza kinga, na mnyororo wake haukuwa na shida yoyote. Nililia pale, Numbi. Nilikuwa najiona nakubeba, kumbe kila asubuhi wewe ndiye uliyekuwa unanibeba mimi.

Kesho yake asubuhi nilipasha viganja kama kawaida. Nikafika mpaka mlangoni kwako. Nikakusikia ndani, nikasikia kile kitambaa kikivutwa na pumzi yako ikitoka, na kwa mara ya kwanza nilijua ni sauti ya nini. Nikarudi. Siku ya pili vivyo hivyo. Wewe ukadhani nimenuna. Mimi nilikuwa sijui pa kuiweka mikono tu.

Basi nikamwambia mama yako uende. Wewe mwenyewe nilikwambia kwa sauti mbaya, kama mtu anayelazimishwa, na nimeijutia sauti hiyo wiki nzima. Ningependa ulichukue neno lenyewe, sauti uiache hapa.

Huko mjini watu watakukimbilia. Wakiona chuma na fimbo watakushika kiwiko kabla hujafungua mdomo. Usiwagombeze wote. Wengi wao ni kama mimi, mikono yao inatangulia kichwa, na ukiwaambia watarudi nyuma. Na itakuja siku, kwenye ngazi yenye maji au siku ya homa, utakayotaka kweli kushikwa. Siku hiyo sema. Ulijifunza mapema mno kukataa, na nafikiri nimechangia, kwa kukushika bila kuuliza mpaka kuomba kukawa hakuna maana kwako. Sijui hilo linarekebishwaje. Jaribu na mtu mmoja unayempenda.

Kesho kwenye stesheni kutakuwa na msukumano kama siku zote, watu wanapitisha mizigo madirishani. Ngazi ya kwanza ya behewa iko juu, nimeenda kuiangalia jana, nikijidai napita tu. Nitavaa suti yangu ya abakosti, ile ya bluu. Nitasimama nyuma yako, na mikono yangu itakuwa nyuma ya mgongo, kidole kimeshika kidole. Nitakuuliza, “Nikushike?” Ukisema ndiyo, nitakushika. Ukisema hapana, nitasimama hapo.

Wewe unayesoma sasa unajua tayari kilichotokea. Mimi bado sijui. Nimewaandaa wagonjwa wengi kupanda ngazi, sijawahi kujiandaa mwenyewe kutazama. Kama mikono ilinitii, fahamu kwamba haikuwa rahisi, hata kama nilisimama kama ofisa. Kama ilinishinda, nikakushika kiwiko bila kuuliza, usinihesabie. Huyo hakuwa kine. Alikuwa tata yako tu, na treni ilikuwa inaondoka.

Mama yako ananiita nije nikaze kamba ya mzigo wako, na nasikia kicheko chako barabarani, unarudi. Ninakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na sasa naona umenilea kidogo vilevile. Nakupenda sana. Hilo nimelisema mara chache, niliiachia mikono iliseme.

Gari likisimama Fungurume litakaa kidogo. Hapo inuka kwenye kiti, utembee, unyooshe goti, maana kukaa muda mrefu

Hapana. Nimekata hapo. Muguu ni yako.

Tata yako,
Tata Masaji